Fomu SC3 ya kumtaarifu bosi likizo ya baba Uingereza: fomu iko poa, hela ndo kizungumkuti

Wadau mlioko Uingereza, hasa mnaotegemea mtoto, leo nafanya rivyu ya kitu ambacho sijawahi kuona mtu wetu anakiongelea, ile fomu ya serikali inayoitwa SC3. Ndo fomu ambayo mwanaume aliyeajiriwa anampa bosi wake kumwambia mtoto anakuja tarehe fulani, nataka likizo ya baba na malipo yake. Watu wanafanya rivyu za simu, za viatu, za mashine za kukaangia chipsi, fomu hakuna anayegusa, wakati hii ni bure na kwa mwanaume anayesubiri mtoto ina kazi kubwa kuliko hivyo vyote. Nimeitumia mwaka 2025 kwahiyo hela nitakazotaja hapa ni za mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2025, huwa wanabadilisha kila Aprili, angalieni kiwango cha mwaka wenu.

Kwanza ilivyo. Unaikuta gov.uk, unajaza hata kwa simu ukiwa kwenye basi, haina maswali ya kukuumiza kichwa. Ukimaliza unaihifadhi au unaprinti. Sasa hapa wengi wanajichanganya, wanadhani kwa vile imekaa kwenye tovuti ya serikali basi ukimaliza kujaza serikali imeshapata na mambo yanaendelea yenyewe. Hapana. Serikali haina habari na wewe. Hiyo fomu inaenda kwa mwajiri wako, unampelekea wewe mwenyewe kwa mkono au kwa imeili, usipompelekea ni karatasi tu imelala kwenye simu. Ningependa wangeandika hilo kwa maandishi makubwa pale mwisho.

Inauliza vitu vichache, mtoto anategemewa lini, au kama ameshazaliwa alizaliwa lini, unataka likizo ianze lini, unataka wiki moja au mbili, halafu kuna sehemu ya kutamka kwamba wewe ni baba wa mtoto au ni mume au mwenza wa mama, kwamba utashiriki kumlea, na kwamba hizo siku unazichukua kwa ajili ya kumsaidia mama au kumhudumia mtoto. Unasaini. Imeisha hiyo.

Na sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kitu ambacho hawaulizi. Hawataki cheti cha hospitali, hawataki picha ya altrasaundi, hawataki barua ya mkunga wala cheti cha kuzaliwa. Kwa likizo ya baba wa kumzaa mtoto, mwajiri hana ruhusa ya kukudai ushahidi wa mimba wala wa uzazi, saini yako ndo ushahidi wenyewe. Hili lishikeni maana makazini huku kuna mameneja hawalijui kabisa, na sisi tulivyozoea kuombwa mihuri mitatu kwa kila jambo tunakimbilia kutoa, unakuta mtu anampiga picha mke wake karatasi zake za kliniki anazituma kwenye grupu la kazi. Ya nini kaka? Hizo ni siri za mama wa watu.

Hapohapo niseme kuhusu mfumo wa HR wa kazini kwangu, kampuni siitaji. Wana ile sistimu ya kuombea likizo kwenye kompyuta, ukiingia unakuta likizo ya mwaka ipo, ugonjwa upo, msiba upo, uzazi wa mama upo, baba hayupo. Baba yuko kwenye "mengineyo". Ukibonyeza mengineyo inakutaka uambatanishe barua ya hospitali, bila kuambatanisha kitu haikupeleki mbele, na ukiacha imekaa dakika kadhaa inakutoa unaanza upya. Nilichofanya nikaambatanisha hiyohiyo SC3 mahali pa barua ya hospitali, ikakubali, maana kumbe sistimu yenyewe haisomi, inataka faili tu. Halafu nikaituma tena kwa imeili kwa meneja na kwa watu wa mishahara, wote kwenye imeili moja, ili baadaye pasiwe na wa kusema sikuiona. Hiyo sistimu nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu rangi zake nzuri.

Meneja wangu si mtu mbaya lakini alinijibu kwamba atalifikiria ombi langu ataangalia rota, yaani ratiba ya shifti. Nikamwambia kwa heshima zote bosi hili halihitaji kufikiriwa, ukitimiza masharti na ukatoa taarifa kwa muda unaotakiwa sheria inakupa, mwajiri hawezi kukataa na hawezi kukusogezea tarehe kwa sababu watu ni wachache. Kimya kidogo. Jioni akaandika sawa, hongera. Kuna mzee mmoja wa Tanga tunafanya naye, amekaa nchi hii miaka mingi, nilivyomsimulia akacheka sana akaniambia mdogo wangu, mimi watoto wangu wote nimewaona baada ya shifti, nilikuwa nabembeleza off kama nakopa hela. Sheria ilikuwepo, likizo ya baba ya kisheria hapa ilianza Aprili 2003, na yeye mtoto wake wa mwisho amezaliwa baada ya hapo. Hakuna aliyemwambia. Sasa ndo naona thamani ya hii karatasi, inakutoa kwenye kubembeleza, unafika na kitu kina jina na namba na mwajiri anajua kabisa nyuma yake kuna sheria.

Sasa twende kwenye tarehe, hapa ndo watu wanalia. Kuna taarifa mbili ndani ya kitu kimoja na zina muda tofauti. Ya kwanza ni kumwambia mwajiri kwamba mtoto anakuja na utataka likizo, hii unatakiwa uwe umeitoa wiki 15 kabla ya wiki ambayo mtoto anategemewa. Ya pili ni tarehe zenyewe za likizo na malipo, hizo unatakiwa umpe taarifa ya siku 28 kabla ya kuanza. Ukitaka kubadilisha tarehe, siku 28 tena. Fomu inakuruhusu kusema yote kwa mpigo lakini haikuelezi vizuri kwamba hizo wiki 15 zinahesabiwaje, na hesabu yao ina ujanja, wiki yao inaanza Jumapili na wanahesabu kutoka kwenye wiki, siyo kutoka kwenye siku ya makisio ya kuzaliwa. Mfano mtoto anategemewa Jumatano tarehe 15 Oktoba 2025. Wiki yake inaanza Jumapili tarehe 12 Oktoba. Rudi nyuma wiki 15 unaangukia Jumapili tarehe 29 Juni. Yaani Juni! Mama bado yuko kama wiki ya 25 hivi, tumbo ndo limeanza kuonekana vizuri, na kwetu watu wengi hawapendi kutangaza mimba mapema, wanasubiri subiri, wanaogopa macho ya watu. Kwahiyo baba wa Kiswahili anakuja kumwambia bosi Septemba, taarifa imeshachelewa. Ikikutokea hivyo usikate tamaa, sheria inasema kama haikuwezekana kutoa kwa wakati basi toa mapema inavyowezekana, ila hapo unakuwa unajieleza, na kujieleza siyo raha. Bora umwambie bosi na HR tu mapema, hawalazimiki kutangazia ofisi nzima.

Kwenye tovuti hiyohiyo kuna kikokotoo, unaingiza tarehe ya makisio na mshahara kinakwambia unastahili nini. Kitumieni, hesabu ya Jumapili kinaifanya chenyewe.

Jambo jingine zuri ni mabadiliko ya Aprili 2024. Zamani ilikuwa ukichukua wiki mbili lazima zifuatane na lazima ziishe ndani ya wiki 8 baada ya mtoto kuzaliwa. Sasa hivi kwa England, Scotland na Wales unaweza kuzigawa, wiki moja saa hizi na nyingine baadaye, muda wowote ndani ya mwaka wa kwanza wa mtoto. Mimi niligawa na ninashauri mgawe kama mna ndugu wa kuja kusaidia. Wiki ya kwanza ilianza siku mtoto alipozaliwa, unaweza kuandika hivyohivyo, ianze siku ya kuzaliwa bila kutaja tarehe, na kama ulikuwa kazini siku hiyo inaanza kesho yake. Ya pili niliiweka pale mama mkwe alipoondoka, maana bibi akiwepo wewe baba unageuka mtu wa kutumwa dukani tu, akiondoka ndo unajua nyumba ina mtoto. Kitu ambacho huwezi ni kuianza kabla mtoto hajazaliwa. Na siku mojamoja hairuhusiwi, ni wiki nzima nzima, wiki ikimaanisha siku zile unazofanya kazi kwa wiki, kama unafanya siku tatu basi wiki yako ni siku tatu. Mapacha je? Wiki mbili zilezile. Hapo waliotunga sheria nadhani hawajawahi kulala na mapacha.

Haya, hela. Jamani.

Malipo ya kisheria kwa mwaka huo ulioanza Aprili 2025 yalikuwa paundi 187.18 kwa wiki, au asilimia 90 ya wastani wa mshahara wako wa wiki, wanachukua iliyo ndogo. Iliyo ndogo! Na inakatwa kodi na bima ya taifa (National Insurance) kama mshahara wa kawaida. Sasa piga hesabu, kima cha chini cha mshahara kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea kilikuwa paundi 12.21 kwa saa, mtu wa masaa 40 anapata paundi 488.40 kwa wiki kabla ya makato. Kwahiyo ukienda likizo ya baba hata kama ulikuwa unalipwa kile cha chini kabisa, unashuka mpaka chini ya asilimia 40 ya ulichozoea, halafu ndo wiki ambayo unanunua nepi. Nyumbani tunapenda kusema Ulaya wanajali familia, haya, Kenya sheria ya ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili kwa mshahara kamili. Kamili. Tanzania yetu sheria ya 2004 ilisema angalau siku 3 zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, chache mno lakini zinalipwa. Waingereza wenyewe hawaridhiki, kamati ya bunge lao ya wanawake na usawa mwaka 2025 ilisema mfumo wao ni miongoni mwa mibovu kwenye nchi zilizoendelea. Kwahiyo siyo sisi wageni tunalalamika bure.

Kwahiyo kabla hujajaza tarehe soma mkataba wako. Kampuni nyingine zinaongezea hadi mshahara kamili kwa wiki moja au mbili, na huwa hawakwambii mpaka uulize, na hiyo ya mkataba inaweza kuwa na masharti yake na fomu yake, jaza zote mbili. Na kama huna akiba, kule kugawa wiki kunasaidia kwenye mfuko pia, hasara unaila mara mbili kwa miezi tofauti badala ya kuimeza yote kwa mwezi mmoja.

Kwa wale wa masaa machache, wanafunzi na vibarua, nyie someni hapa vizuri. Kupata malipo unatakiwa wastani wa mshahara wako wa wiki ufikie kiwango cha chini, mwaka huo kilikuwa paundi 125, na huo wastani wanauchukua kwenye mishahara ya kama wiki 8 zinazoishia kwenye ile wiki ya 15 kabla ya mtoto. Siyo mishahara ya karibu na kuzaliwa, watu wanajiua na ovataimu mwezi wa mwisho wakidhani itapandisha malipo, haihesabiwi. Na kama wewe ni mwanafunzi wa masaa 20 kwa kima cha chini, mwaka huo hiyo ilikuwa paundi 244.20, umevuka, ulistahili 187.18 kama kawaida na kwa kweli kwako pengo siyo kubwa kama la mtu wa masaa 40.

Halafu lile swali ambalo watu wanalinong'ona, eti nikidai haya malipo si nitaharibu viza yangu maana imeandikwa hakuna kutumia fedha za umma? Hapana. Malipo ya kisheria ya baba hayamo kwenye orodha ya fedha za umma, ni haki inayotokana na ajira yako, analipa mwajiri kupitia mshahara. Nawajua watu wameacha hela yao kwa woga huo na wakarudi kazini siku ya pili mke akiwa na mshono. Inauma.

Na bosi akikuletea stori kwamba biashara ndogo haimudu kukulipa, mjue anarudishiwa. Mwajiri mkubwa anarudishiwa na serikali asilimia 92 ya hayo malipo, mdogo anarudishiwa yote na nyongeza juu, kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 ilikuwa asilimia 108.5. Mdogo maana yake ni yule ambaye michango yake ya bima kwa mwaka haizidi paundi 45,000. Kwahiyo yule mwenye mgahawa wenye watu watano anayekulilia umaskini, kwenye malipo haya hapotezi senti, labda usumbufu wa kutafuta mtu wa kuziba nafasi yako, huo ni kweli anao.

Akikataa kulipa hawezi kukataa kwa mdomo tu. Anatakiwa akupe fomu nyingine inaitwa SPP1 inayoeleza sababu, ndani ya siku 28. Kuna mabosi ukiwatajia tu SPP1 kumbukumbu zinawarudi. Ikishindikana piga Acas, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, ushauri wao ni bure na hawakuulizi viza, na kama ugomvi ni wa hela kuna kitengo cha HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kinachoamua migogoro ya malipo haya. Mimi sikufika huko namshukuru Mungu.

Sheria mpya ya haki za ajira iliyopita Desemba 2025 imebadilisha kitu kikubwa, kuanzia tarehe 6 Aprili 2026 haki ya kwenda likizo ya baba unayo tangu siku ya kwanza ya kazi. Kabla ya hapo ilibidi uwe na wiki 26 kwa mwajiri huyohuyo ikifika ile wiki ya 15. Watu wamefurahi sana, lakini soma maandishi madogo, malipo bado yanataka wiki 26. Yaani mgeni kazini anaruhusiwa kwenda, ila anaenda mfuko mtupu. Kwa mtu aliyebadili kazi mke akiwa na mimba, ambao kwetu ni wengi kwa sababu ya mambo ya udhamini wa viza, ni nusu ya zawadi.

Kitu kingine ambacho SC3 haikusaidii na ni muhimu, mtoto akizaliwa akabaki hospitali. Tangu Aprili 2025 kuna likizo tofauti kabisa ya wazazi wa kichanga aliyelazwa, ni kwa mtoto aliyelazwa ndani ya siku 28 za kwanza na akakaa siku 7 mfululizo au zaidi, inafika hadi wiki 12, na haili zile wiki zako mbili. Ina taarifa yake na masharti yake. Rafiki yangu alimaliza likizo ya baba yote akiwa anazunguka wodini, hakuambiwa kama kuna nyingine, akarudi kazini mtoto akiwa bado kwenye mashine. Mwenye mtoto njiti amuulize HR kuhusu hiyo siku hiyohiyo. Na Mungu apishe mbali, mimba ikifika wiki 24 kisha mtoto akazaliwa amefariki, baba bado ana haki ya likizo yake na malipo yake, usikubali mtu akwambie imefutika.

Ile ya kugawana likizo na mama, hadi wiki 50 na 37 kati ya hizo zina malipo, siigusi, ina makaratasi ya kutosha kuandikiwa rivyu yake peke yake.

Nyota basi. Fomu yenyewe naipa nne kati ya tano, nyota moja nimeitoa kwa sababu ya ile hesabu ya wiki 15 kutoelezwa kinagaubaga na kwa kuwa ipo kwa Kiingereza na Kiwelisi tu wakati wanaume wengi wanaoihitaji Kiingereza chao ni cha kazini. Malipo nyota moja na nusu. Kikokotoo nne.

Wanaoasili mtoto msichukue SC3, yenu ni SC4 na muda wenu ni mfupi sana, siku 7 tangu mjulishwe mmepatiwa mtoto, na nyie kwa malipo ushahidi mnaombwa. Madereva wa teksi, wa delivari na wote mliojiajiri, msihangaike kabisa na hii kitu, haiwahusu, hata muijaze kwa wino wa dhahabu. Wa ajensi mko katikati, wengi wenu likizo ya kisheria hamna kwa sababu mnahesabiwa vibarua siyo waajiriwa, ila malipo mnaweza kuyapata mkitimiza zile wiki 26 na kile kiwango cha chini cha wastani wa mshahara, kwahiyo pelekeni fomu kwa ajensi inayowalipa, siyo kwa meneja wa pale mnapopangiwa shifti, huyo hahusiki na mshahara wenu hata kidogo.